Mikono Iliyofunua Kidonda

Mkemia alizisukuma zile picha bila kuziangalia.

"Nimeshaziona, afande. Siku ya kwanza. Zilinitosha."

"Leo utaziangalia kwa sababu nyingine," Inspekta alisema. Alizirudisha mbele yake moja baada ya nyingine, akazipanga sawa na ukingo wa meza.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mtaratibu, mwenye tabia ya kusubiri hadi mtu mwenyewe aone haya ya kunyamaza. Nyuma yake Sajini aliegemea ukuta akibonyezabonyeza kalamu. Inspekta alipogeuka kumtazama, kalamu ikaingia mfukoni.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi iliyopita, saa nane na dakika ishirini mchana, mlinzi wa kituo cha utafiti alifungua mlango wa maabara akamkuta mtaalamu wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja ambaye watu wote walimwita Bandeji, amelala sakafuni kwenye dimbwi la damu. Mshipa mkubwa wa paja ulikuwa umekatwa na kipande cha chupa. Kisogoni alikuwa na uvimbe. Mlango ule hujifunga wenyewe, na ukiwa nje huufungui bila ufunguo. Upande wa nje palikuwa na alama za mikono yenye damu, zimevurugika kiasi kwamba hakuna alama za vidole zilizosomeka.

Kwa Mkuu wa kituo cha polisi hesabu ilikuwa rahisi. Mtu alimpiga, akamchoma, akatoka, akauvuta mlango. Mkemia ndiye aliyeongoza mradi wa bandeji za kuzuia damu. Alikuwa na ufunguo, alikuwa amegombana na marehemu siku moja kabla, na Jumamosi mchana, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa nyumbani peke yake amelala. Jalada lilitakiwa kwa mwanasheria wa serikali saa kumi jioni hiyo.

"Niambie tena mligombania nini," Inspekta alisema.

"Pakiti." Mkemia alifikicha macho. Ndevu za siku sita zilimzeesha. "Alitaka zichorwe picha kwa nje. Mkono unajaza kitambaa ndani ya kidonda, mkono unakandamiza, saa inaonyesha dakika tatu. Nikamwambia picha zitatuchelewesha miezi minne kwa wakaguzi, na hizi za majaribio zinakwenda kwa wauguzi tuliowafundisha wenyewe. Akanijibu kwamba damu haimsubiri muuguzi. Nikamwambia atoke ofisini kwangu. Korido nzima ilisikia."

"Kwa hiyo pakiti haina maandishi?"

"Ina namba tu."

Inspekta alitoa karatasi kwenye jalada. "Ripoti ya daktari wa maiti imefika asubuhi. Anasema pigo la kisogoni lilimzimisha palepale. Hakuamka tena."

Mkemia alinyanyua uso. Alikuwa mtu aliyezoea kufikiri, na hata pale, kwenye chumba kisicho na dirisha, akili yake ilifanya kazi kabla hajaiamuru.

"Basi zile pakiti za sakafuni alizifungua nani?"

"Ndiyo maana nimekuletea picha."

Sasa aliziangalia. Alianza na ya kwanza kwa kusitasita, akaivuta ya tatu karibu na pua. Pakiti nne za karatasi ngumu ya kung'aa, na vitambaa vinne vyekundu vilivyotupwa huku na huku pembeni ya mguu.

"Hizi zimekatwa na mkasi," alisema. "Mtu wa kwetu hawezi kufanya hivi. Pakiti ina pa kuchania, hapa pembeni, unaivuta hata kwa mkono mmoja. Bandeji ndiye aliyeipigania sehemu hiyo." Kidole chake kilihamia kwenye vitambaa. "Na hivi vyote vimetolewa. Havitakiwi kutolewa!"

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua."

"Kitambaa chenyewe ni shashi ya kawaida. Tumekipaka unga wa maganda ya kaa wa baharini. Unga ukikutana na damu unanata na damu inaganda haraka. Lakini peke yake haufui dafu. Lazima ukisokomeze ndani ya kidonda, ukandamize kwa uzito wako wote dakika tatu, na usichungulie. Ukichungulia unabandua kile kilichoanza kushika, unarudi mwanzo. Mtu aliyekatika mshipa wa paja hana muda wa wewe kurudi mwanzo." Aliiweka picha chini polepole. "Huyu alichungulia mara nne."

Sajini alijitoa ukutani. Inspekta hakusogea. Alionyesha picha ya mwisho, pale karibu na kigoda kilichopinduka, ambapo sakafu ilikuwa na wekundu mwingine, mwepesi, wa kung'aa.

"Na hii?"

"Damu yetu ya bandia. Maji, gliserini na rangi. Tunaisukuma kwa pampu ndani ya mguu wa mpira wenye kidonda, halafu tunajaribu kuizuia. Inakaa kwenye chupa kubwa, rafu ya juu." Akasita. "Lakini Jumamosi hakukuwa na jaribio lolote. Pampu ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi."

"Kwa nini aitoe chupa, basi?"

"Huitoi bila sababu, ni nzito kama mtoto. Labda..." Alimtazama Inspekta. "Labda alikuwa anataka kumwonyesha mtu."

Waliporudi ofisini kwa Inspekta, Sajini alishindwa kujizuia.

"Afande, muuaji gani huyu? Anampiga mtu, anamchoma, halafu anahangaika na pakiti nne kumwokoa. Huyo hajui anachotaka."

"Anajua. Sisi ndio hatukujua. Toka nje ya ofisi yangu, ufunge mlango."

"Nimekosa nini tena?"

"Toka tu."

Sajini alitoka akauvuta mlango. Inspekta alimwambia kwa sauti arudi ndani bila kugusa kitasa. Mlango ulitikisika. Akaufungua, akamkuta Sajini amesimama na viganja viwili wazi usawa wa kifua, vidole vikielekea juu.

"Kaa hivyohivyo," alisema, akainua picha ya mlango wa maabara pembeni ya mikono yake.

Sajini aliangalia picha, akaangalia mikono yake, na utani ukamtoka usoni. "Alikuwa anasukuma. Alikuwa nje, anataka kuingia."

"Alitoka kutafuta msaada. Mlango ukajifunga nyuma yake."

Walikaa na pakiti zile nne kwa nusu saa. Inspekta alikata karatasi kama hiyo kwa mkasi wa ofisini, akapata mkato mrefu ulionyooka. Mkasi wa kucha ulitoa mkato uliopinda. Mikato ya kwenye pakiti ilikuwa mifupi mifupi, minne au mitano mpaka mwisho, imenyooka kama imepimwa kwa rula. Mwishowe Sajini alivuka barabara kwa fundi cherehani aliyewatengenezea sare, akarudi na kikasi kidogo kisicho na pete za vidole, cha kubana kwa kiganja, cha kukatia nyuzi. Inspekta alikata mara tano. Mikato ililingana.

Hakufurahi. Alikaa akikiangalia kile kikasi. Siku ya kutambua mwili, kwenye benchi la hospitali, aliwahi kumwona mzee mmoja akiingiza mkono mfuko wa shati kutafuta kitu, akakikosa, kisha akaukata kwa meno uzi uliokuwa unaning'inia kwenye mkono wa gauni la mkewe. Wakati ule aliona ni mapenzi ya wazee tu.

Alimpigia simu mlinzi.

"Jumamosi ulisema hakuingia mgeni."

"Hakuingia, afande. Kitabu hiki hapa."

"Na baba yake Bandeji?"

"Ah, yule alikuja. Anakuja kila Jumamosi, anamletea chakula, wanakula pamoja kwenye chumba cha chai. Aliingia kama saa saba hivi."

"Mbona hukusema?"

Sauti ya mlinzi ikashuka. "Mliniuliza mgeni. Yule si mgeni, ni baba. Na mimi niliporudi kutoka kuwasha pampu ya maji kule nyuma, nilidhani ameshaondoka. Nilisikia kishindo cha mlango, nikaenda mbio. Sikumkuta mtu. Nikafungua ndiyo nikaona vile... Afande, kwani vipi?"

Inspekta alikata simu bila kujibu.

Nyumba ilikuwa ya matofali, na viti vya kukodi vya msiba vilikuwa vimepangwa ukutani vikisubiri gari. Mama wa marehemu alikuwa jikoni, mabega yamezama kwenye khanga. Alimwelekeza Inspekta chumba cha nyuma kwa kidevu tu.

"Yuko huko. Hali wala halali. Anashona matambara."

Mzee alikuwa mbele ya cherehani, miguu inakanyaga, kitambaa kinapita chini ya sindano, mshono juu ya mshono. Hakikuwa nguo, wala hakikuwa kinaelekea kuwa nguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Samahani, hapa ni fujo tupu."

Inspekta alivuta kigoda, akakaa chini kidogo ya mzee kama anavyokaa mtoto wa nyumba. Sajini alibaki mlangoni. Hapakuwa na namna nzuri ya kuanza, kwa hiyo alitoa mfuko wa plastiki wenye pakiti moja iliyokatwa, akauweka juu ya meza ya cherehani.

Miguu ya mzee ilisimama.

"Kikasi chako cha nyuzi kiko wapi, baba?"

"Nilikitupa." Alisema haraka, kama aliyekuwa na jibu mdomoni siku zote hizo. "Kwenye mtaro, njiani. Nilikaa nacho miaka ishirini na sita."

"Niambie ilivyokuwa. Taratibu."

Mzee alizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, nyuma, mbele.

"Tulikula. Tukamaliza, nikaosha sahani, yeye akapangusa. Akaniambia, leo, baba, twende nikuonyeshe kazi yangu, uache kuwaambia watu kwamba nauza bandeji. Maana mimi nilikuwa nawaambia hivyo. Sikujua nieleze vipi. Akacheka, akaniingiza ndani. Kuna mguu pale, wa mpira. Akasema, huu mguu nitautoa damu, na wewe ndiye utakayeuponya, nitakufundisha. Akapanda kigoda kuchukua chupa. Nikamwambia nishike mimi. Akasema, wewe kaa, mgongo wako naujua."

Akalisimamisha gurudumu.

"Alipogeuka na chupa, kigoda kikamtoka. Kichwa kikagonga ukingo wa meza, ko! Chupa ikavunjika, naye akaiangukia. Mwanzoni sikuogopa, mwanangu. Nilidhani ni ile rangi. Nilikuwa naona nyekundu nasema hii ni ile rangi ya chupa. Halafu nikaona inaruka."

"Ukaziona pakiti."

"Zilikuwa mezani, ameziandaa kwa ajili ya somo langu. Alishawahi kunisifia hizo bandeji, kwamba zinazuia damu kufumba na kufumbua. Nikakata, nikaweka, nikashika. Nikafunua nione kama imezuia. Haijazuia. Nikasema labda hii ni mbovu, nikakata nyingine." Sauti yake ilikuwa sawasawa, kama anayesoma vipimo vya nguo. "Nne. Ya tano sikuiona. Nikakimbia nje kumwita mlinzi, na mlango ukapiga nyuma yangu. Sikujua unajifunga. Tulipoingia ni yeye aliyefungua."

"Ukaupiga."

"Nimeupiga kwa mikono, kwa bega. Nikaenda getini, hakuna mtu. Nikaenda barabarani. Nani amsimamishie gari mzee mwenye shati la damu? Magari yalinikwepa. Niliporudi nikawakuta watu wamejaa kwenye uzio, mwanamke mmoja anasema, masikini, amekufa. Hakujua anamwambia nani."

"Simu hukuwa nayo?"

"Simu tunayo moja, anakaa nayo mke wangu. Ndiyo iliyopigwa. Mimi nilikuwa nimeshafika, nimeoga, nimefua shati. Akapiga ukelele na mimi nikamshika mkono kama vile ndiyo kwanza nasikia."

Sajini alikohoa, akageuzia uso ukutani.

"Baba," Inspekta alisema, "kuna mtu amelala mahabusu siku sita kwa sababu ya kimya hiki."

"Najua. Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa naogopa mtu mmoja tu, siyo nyinyi." Alitupa macho upande wa jikoni. "Atauliza, ulikuwa naye, ukafanya nini? Nimwambie nilimfungia mwanawe mlango? Nimwambie nilikuwa na dawa mkononi, nikashindwa?" Kisha akamgeukia Inspekta kwa mara ya kwanza. "Wewe umeongea na wataalamu. Zile bandeji zilikuwa mbovu?"

Inspekta aliwahi kuulizwa maswali mengi na watu waliofiwa. Hili alitamani aulizwe mtu mwingine.

"Ngoja nikaulize," alisema.

Alitoka uani, akampigia askari wa zamu, akaomba Mkemia apelekwe kwenye simu. Alimwambia ni nani aliyekuwa ndani, na kwa nini ile chupa ilitolewa rafuni.

"Baba yake," Mkemia alisema.

"Ndiyo. Ananiuliza kama zilikuwa mbovu. Utatoka leo, nitasaini mwenyewe. Lakini nataka nimjibu kwanza, na sitaki kumdanganya mzee."

"Usimdanganye. Zilikuwa nzima." Akaendelea neno kwa neno. "Mwambie angepaswa kukandamiza bila kufunua, na kwamba hapakuwa na njia yoyote ya yeye kujua hilo. Yalipaswa kuchorwa kwenye pakiti. Mwanawe alitaka yachorwe, na mimi ndiye niliyekataa. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo, afande. Mwambie jina langu na mahali ninapokaa. Akitaka kuja, mlango uko wazi."

Inspekta alirudi ndani, akamwambia mzee yote, hakupunguza wala hakuongeza. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliposikia kuhusu picha ambazo bintiye alizipigania, aliuliza zilikuwaje. Inspekta alimwelezea: mkono unaojaza, mkono unaokandamiza, saa. Mzee alinyoosha mikono yake miwili juu ya matambara, akakandamiza meza kwa nguvu, akakaa hivyo. Inspekta hakumkataza. Zilikuwa dakika ndefu kuliko alivyodhani.

Kisha mzee akanyanyuka, akajifuta uso kwa kiwiko, akaenda jikoni kwa miguu yake.

"Mama, njoo ukae kidogo."

"Nina sufuria motoni."

"Iepue. Njoo."

Inspekta na Sajini walisubiri uani. Mwanzoni hawakusikia kitu. Halafu kitu cha bati kikaanguka, na sauti ya mwanamke ikapanda: "Siku sita! Siku sita unalala pembeni yangu, umenyamaza!" Akapaza maneno mengine ambayo Inspekta aliamua kutoyasikiliza. Kisha kilio, cha mmoja, halafu cha wawili. Sajini aliangalia viatu vyake. Karatasi ya maelezo ilikuwa mkononi mwa Inspekta, na mahali pa kujaza mzee ni nani katika kesi hii, aliandika *shahidi*.

Baada ya muda mrefu mama alitokea mlangoni. Khanga ilikuwa imemdondoka begani, hakuijali. Alisimama akimtazama Inspekta kama anayepima kama mtu huyu anafaa kuambiwa.

"Ni kweli alikuwa na baba yake?"

"Ni kweli, mama."

"Alikuwa amemshika?"

"Alimshika mpaka alipokwenda kutafuta msaada. Na mwanao hakuwa anajua kitu. Daktari ameandika hivyo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, pole pole, akitafuta pa kushika.

"Kunyamaza sijui kama nitamsamehe," alisema. "Sijui. Lakini tangu Jumamosi kila nikifumba macho naona mtu amemwinamia mwanangu pale sakafuni. Simwoni uso. Nasema, Mungu wangu, ni nani huyu, anamfanya nini?" Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Kumbe ni baba yake."